Adui Aliyeshindwa Anaweza Kurudi? Septemba 1914 Kisii Ina Jibu

Leo naanza na kosa langu, kisha tuingie kwenye gemu, kisha turudi nyumbani Gusii. Nivumilieni kidogo, maana haya mambo matatu yanafungana.

Mwaka jana nilirekodi video fupi pale Manga, juu kabisa ukingoni, simu nimeiegemeza kwa jiwe na upepo unaharibu sauti. Nilikuwa nasimulia jinsi watu wetu walivyoupora mji wa Kisii mwezi Septemba 1914. Nikamalizia hivi: "Yaani mzungu ametoka mjini siku mbili tatu, na watu wanaamini ameisha kabisa. Ushamba mtupu!" Video ikatembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Watu walicheka, wakatumiana.

Wiki mbili baadaye binamu yangu akamwonyesha nyanya. Nyanya alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi. Akaitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akaendelea na mahindi yake. Baadaye sana, mimi nikidhani imeshapita, akaniambia: "Huyo mshamba unayemcheka ni baba ya babu yako. Siku hiyo alikuwa huko mjini."

Nilifuta video usiku huohuo. Lakini kufuta si kujibu. Swali lilibaki: je, yule mzee kweli alikuwa mjinga? Jibu nimelipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye ubishi wa gemu.

Kwa wasioijua, Helldivers 2 ni gemu ya kampuni ya Arrowhead kutoka Uswidi, ilitoka Februari 2024. Wewe ni askari wa Super Earth. Unatupwa kutoka angani hadi sayari za watu kwenda kueneza uhuru kwa mtutu wa bunduki. Gemu nzima ni kejeli, na ndiyo maana naipenda. Gemu ya kwanza, ya mwaka 2015, ilikuwa na maadui watatu: wadudu, watu waliojichanganya na mashine walioitwa Cyborg, na Illuminate, viumbe wa anga wenye teknolojia kali. Hadithi rasmi inasema Super Earth iliwashinda wote watatu. Gemu ya pili inaanza miaka 100 baadaye. Wadudu wapo, mashine zipo, Illuminate hawapo. Halafu Desemba 2024, ghafla, Illuminate hao! Kufikia Mei 2025 walikuwa wanaivamia Super Earth yenyewe, nyumbani kwa kina sisi.

Binamu yangu ndiye mwenye kompyuta, mimi ni wa kuomba zamu. Alikasirika vibaya. Kwake huo ni uvivu wa waandishi. Alisema: "Ukishinda umeshinda. Kama adui anaweza kurudi tu akitaka, basi ushindi wa kwanza ulikuwa wa nini? Wameishiwa na maadui, wameenda kufukua makaburi."

Nilikuwa karibu nikubaliane naye. Kisha nikajisikia kama nimemwagiwa maji baridi. Kumbe binamu yangu, mwenye intaneti na zaidi ya miaka 100 ya kuangalia nyuma, anafikiri sawasawa na baba ya babu yetu alivyofikiri asubuhi ile ya 1914: adui ameondoka, basi ameisha. Mimi nilimwita mmoja mshamba hadharani. Huyu mwingine nilitaka kumwita mchambuzi.

Hebu basi tuifanye hesabu hii vizuri.

Ili uielewe Septemba 1914 lazima urudi nyuma kidogo. Waingereza waliingia Gusii kwa nguvu mwaka 1905, msafara wa kijeshi ulipotumwa Kitutu. Upande mmoja mikuki na ngao, upande wa pili bunduki ya Maxim. Unajua matokeo. Mwaka 1907 wakafungua kituo cha serikali pale Getembe, ambapo leo ndipo mji wa Kisii, na ofisa aliyekaa pale aliitwa Geoffry Northcote.

Januari 1908, Otenyo akamvizia Northcote na kumchoma mkuki. Nyuma ya Otenyo alikuwepo Moraa, mwanamke mganga na mtabiri, ambaye aliwauliza vijana wa Gusii kwa maneno makali kama wao ni wanaume au ni nini. Northcote aliumia lakini hakufa. Miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Hong Kong, kuanzia 1937. Otenyo hakupata maisha hayo marefu. Msafara wa pili ulikuja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba hata Winston Churchill, wakati huo naibu kwenye Wizara ya Makoloni kule London, alilalamika kwamba mauaji yamezidi. Ukiona Churchill analalamikia mauaji ya Waafrika, ujue hali ilikuwa mbaya. Otenyo alikamatwa, akauawa. Wazee wetu wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo kuna watu wanaodai kirudishwe. Hilo tutalirudia.

Sasa, watu wakipigwa mara mbili ndani ya miaka mitatu, hawawi wajinga. Wanakuwa waangalifu. Wanaanza kusubiri dalili.

Na dalili zilikuwepo. Kulikuwa na kumbukumbu ya Sakawa, mtabiri wa Kitutu, aliyetoweka kabla wazungu hawajakita mizizi. Husimuliwa kwamba alitabiri kuja kwao, akaonyesha hata mahali ambapo majengo yao yangesimama pale Getembe. Yakaja kusimama. Na wapo waliosadiki kwamba Sakawa mwenyewe atarudi. Kisha mwaka 1913, upande wa Alego kule kwa Wajaluo, mtu aitwaye Onyango Dunde akasema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, akatemwa akiwa mzima, na kupewa ujumbe. Nyoka huyo ndiye Mumbo. Ujumbe ulikuwa kwamba wazungu ni maadui, na siku inakuja ambapo watatoweka nchini. Maneno hayo yakapanda milima hadi kwetu mwaka uliofuata.

Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya. Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani na mpaka haukuwa mbali. Septemba kikosi chao kikavuka kuelekea Kisii, kikiongozwa na nahodha Bock von Wülfingen. Maofisa wa Kiingereza wakafunga ofisi wakaondoka. Tarehe 11 Wajerumani wakaingia mjini. Tarehe 12 ikafika King's African Rifles, ile KAR ya kina babu zetu, na vilima vya kuzunguka mji vikalia bunduki mchana kutwa. Nahodha wa KAR aliyeitwa Thorne akauawa pale. Wajerumani nao wakapoteza maofisa wengi. Mwisho wa siku KAR ilikuwa imejivuta nyuma, na Wajerumani nao wakaanza kurudi mpakani kwao.

Simama hapo kidogo. Jiweke kwenye viatu vya mtu wa Manga asubuhi iliyofuata, ingawa huyo mtu hakuwa na viatu.

Umeona Mwingereza akikusanya vitu na kuondoka. Umesikia mzungu akimpiga mzungu mwenzake, jambo ambalo hujawahi kusikia tangu uzaliwe. Umeona wale wa pili nao wakiondoka. Mji umebaki bila mwenyewe. Mtabiri mmoja alisema watakuja, wakaja. Mtabiri wa pili amesema wataondoka, na sasa wameondoka. Niambie wewe, ungehitaji ushahidi gani zaidi?

Wale mnaocheza gemu za ramani mnajua ule ukungu. Unaona tu pale jeshi lako lilipofika. Kwingine kote ni giza. Kwenye giza lile adui anaweza kuwa amekufa au anaweza kuwa anajenga kambi tatu, na kwako yote yanafanana. Baba ya babu yangu alikuwa anacheza na ukungu umefunika kila kitu isipokuwa milima yake. Mimi nilimcheka nikiwa naangalia ramani iliyofunuliwa yote.

Basi watu wakashuka mjini. Maduka ya Wahindi, ofisi za serikali, misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa, zote ziliporwa. Nyanya, ambaye hadithi hii alipewa na mama mkwe wake, anasema mzee alirudi na kitambaa cha amerikani, kipande kirefu, amekibeba begani kama shujaa. Hakuchukua kingine. Alimpa mkewe.

Kisha Mwingereza akarudi. Akaja na hesabu: nani alichukua nini, ukoo gani ulikuwa wapi, na ng'ombe wakaanza kutolewa kwa nguvu. Kwetu walichukua sita. Ng'ombe sita kwa kitambaa kimoja. Tangu hapo nyumbani kwetu kuna msemo: "Mzungu alienda ziwani kunywa maji." Unasemwa mtu akianza kufurahia jambo ambalo bado halijaisha. Niliusikia tangu utotoni, nikidhani ni mzaha tu wa nyanya. Sikujua una bei ya ng'ombe sita.

Sasa turudi kwa binamu. Je, kurudi kwa Mwingereza ni uvivu wa mwandishi? Ukiwa ndani ya ukungu, ndiyo, inaonekana kama hadithi imekudanganya. Ukiutoa ukungu, unaona Mwingereza hakuwa ameshindwa hata kidogo. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901. Ziwani kulikuwa na meli zake za mvuke kama Winifred. Nyuma ya Kisumu kulikuwa na Nairobi, nyuma ya Nairobi Mombasa, nyuma ya Mombasa bahari na manowari. Kuondoka kwake Kisii kulikuwa kama mtu kutoka sebuleni kwenda jikoni. Wewe uliyebaki sebuleni unasema amehama!

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na nakiona kinafaa kwa gemu na kwa historia pia. Adui akisemekana ameshindwa, uliza maswali matatu. La kwanza: alimalizwa, au aliondoka tu machoni petu? La pili: nyuma yake kuna nini, yaani anakula wapi, anajenga wapi, nani anampa risasi? La tatu: huku ameacha nini ambacho atakitaka tena?

Mwingereza wa Septemba 1914: aliondoka tu; nyuma yake kuna reli na meli; huku ameacha mji, kodi, na maelfu ya vijana ambao punde atawahitaji kubeba mizigo ya vita. Kurudi kwake kulikuwa hakika kama masika.

Lakini kipimo kisichoweza kusema "hapana" si kipimo. Ndiyo maana nampenda sana Mjerumani katika hadithi hii. Yeye pia aliondoka Kisii wiki ileile. Yeye pia alitoweka machoni. Kwa mtu wa Manga, wazungu hawa wawili walikuwa sawa kabisa, wote wameingia kwenye ukungu. Mmoja akarudi, mwingine hakurudi kamwe. Kwa nini?

Nenda kwenye swali la pili. Nyuma ya Mjerumani kulikuwa na Mwanza, na Mwanza ikachukuliwa na Waingereza Julai 1916. Nyuma ya Mwanza kulikuwa na reli ya kati na Dar es Salaam, nazo zikaenda mwaka huohuo. Nyuma ya Dar es Salaam kulikuwa na bahari, ambayo manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga. Von Lettow-Vorbeck alizunguka porini miaka, akaingia Msumbiji, akatokea Rhodesia ya Kaskazini, na akaweka silaha chini Novemba 1918 akiwa hajawahi kupigwa vita moja ya kummaliza. Askari hodari, hakuna anayebisha. Lakini jikoni kwake kulikuwa kumebomolewa. Mwaka uliofuata, mkataba wa Versailles ukainyang'anya Ujerumani makoloni yote. Kama mtu angeniandikia hadithi ambapo Wajerumani wanarudi Kisii mwaka 1925 wakiwa na jeshi, ningemwambia binamu yangu: hapo uko sahihi, huo ni uvivu.

Kwa hiyo siku moja, mji mmoja, maadui wawili wanaondoka. Ujasiri wao ulikuwa sawa. Kilichoamua nani atarudi kilikuwa mbali sana na Kisii, mahali ambapo mtu wa Manga hangeweza kupaona.

Sasa kuna aliyeshindwa wa tatu. Huyu ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa sababu ni sisi.

Geuza kamera. Kwa macho ya ofisa wa Kiingereza aliyeketi mezani pale Kisii, adui aliyeshindwa ni Mgusii. Alimpiga 1905. Akarudi 1908 na mkuki wa Otenyo. Akampiga tena, vibaya zaidi. Akarudi 1914 kwenye maduka. Akampiga mara ya tatu. Kila mara ofisa angeweza kuandika kwamba nchi sasa imetulia. Ukipitisha watu wetu kwenye maswali yangu, swali la pili linawaangusha kabisa: nyuma yao hakukuwa na reli, meli, wala kiwanda cha risasi. Kwa hesabu ya Mjerumani walipaswa kuisha.

Hawakuisha. Walibadilika umbo. Baada ya 1914, Mumbo ndiyo kwanza ikashika Gusii. Hakukuwa na mikuki tena. Kulikuwa na watu wanaoacha nywele zikue, wanaoikataa misheni, wanaosema kodi na kazi ya mzungu vina mwisho, na wanaolitaja jina la Sakawa. Mwaka 1921 serikali ikawakamata baadhi ya viongozi ikawapeleka Kismayu, ambayo leo iko Somalia, wakati huo ikihesabiwa upande wa Kenya. Fikiria mtu wa milima ya Gusii, wa mvua na migomba, kutupwa Kismayu! Serikali ikapumua. Miaka ya 1930 Mumbo ikaibuka tena, watu wakakamatwa tena. Mwaka 1954, wakati wa Mau Mau, serikali ikaipiga marufuku pamoja na vikundi vingine. Pima hapo: ukipiga marufuku kitu miaka 40 baada ya kukishinda, basi hukukishinda.

Ilikuwaje? Nadhani jibu liko kwenye swali la tatu, lakini limegeuzwa: aliyeshindwa hakuwa na kitu nyuma yake, bali mshindi ndiye aliyeendelea kumlisha. Kila kodi ya nyumba iliyodaiwa ilikuwa chakula cha Mumbo. Kila kijana aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi alikuwa chakula chake. Wabebaji wale walikuwa wa kile kikosi kilichozaa majina ya Kariokor pale Nairobi na Kariakoo pale Dar es Salaam, na vijana wengi wa Gusii walikuwemo. Mwingereza hangeweza kutumaliza, kwa sababu alituhitaji. Na hangeweza kutushinda kabisa, kwa sababu namna alivyotuhitaji ndiyo iliyotufanya tumchukie. Majirani wa kusini wanaijua hii: Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti 1905, Maji Maji ikiwa changa kabisa, na vita vikaendelea hadi 1907. Walikuwa wamenyonga mtu, si sababu.

Ukirudi kwenye Helldivers ukiwa na macho haya, utaona wale waandishi unaowaita wavivu walifanya kazi yao. Angalia maadui wote watatu. Wadudu, wale Terminid, waliendelea kuwepo kwa sababu Super Earth iliwafuga. Miili yao inatoa mafuta ambayo meli za angani zinayategemea. Ukimfuga adui kwa faida, siku zizi likivunjika usilie. Automaton, zile mashine, zinahesabiwa kuwa watoto wa Cyborg, waliobaki utumwani kwenye sayari yao wenyewe baada ya kushindwa. Watoto wa walioshindwa wanarudi na umbo jipya. Na Illuminate waliondoka machoni kwa karne nzima, kwenye giza ambalo Super Earth haikuwa na macho ya kulifikia.

Kabla hujanirukia: sifananishi babu zangu na wadudu. Nafananisha namna mshindi anavyojidanganya. Kila safari ni mshindi anayetangaza kwamba adui ameisha, na kila safari anatangaza kabla hajauliza ni nini kilichobaki. Gemu inajua hilo. Ile sauti ya Super Earth inayokusifia kila ukishuka kwenye meli ni kejeli juu ya sauti ya namna hiyo hasa, ya mtu anayeandika "nchi imetulia" huku Mumbo inaota nywele kilima cha pili.

Kwa hiyo binamu yangu, nakujibu rasmi. Adui aliyeshindwa anaweza kurudi na hadithi ikaingia akilini, kwa masharti. Mwandishi atuonyeshe alikuwa wapi na alikula nini, au atuonyeshe kwamba ni mshindi mwenyewe aliyemlisha. Na adui arudi amebadilika, kwa sababu kushindwa humbadilisha mtu. Mwingereza aliyerudi Kisii baada ya vita vile alikuwa mkali kuliko aliyeondoka. Gusii aliyerudi baada ya Otenyo hakubeba mkuki. Adui akirudi vilevile, na silaha zilezile, bila kueleza chochote, hapo ndipo tutasema mwandishi ameishiwa. Illuminate wa mara hii wamekuja na wanadamu waliogeuzwa kuwa mizoga inayotembea. Gemu ya kwanza haikuwa nao. Mimi nawapa alama.

Kuna mmoja ambaye kipimo changu kinashindwa kumpima, naye ni Otenyo. Kwa kila swali ameisha: aliuawa, hakuna jeshi nyuma yake. Lakini bado watu wa Kisii na Nyamira wanauliza kichwa chake kiko wapi. Kama kitapatikana siku moja na kurudi, hakitarudi kupigana na mtu. Kitarudi kuzikwa. Sijawahi kucheza gemu yenye kurudi kwa namna hiyo, ambako aliyeshindwa anataka tu kufika nyumbani, na mshindi bado anasita. Kama kuna anayetengeneza gemu hapa Gusii, hiyo hadithi nampa bure.

Nimebakiwa na deni moja. Kwa baba ya babu yangu, ambaye jina lake nitalitunza nyumbani: niliita ushamba kitu ambacho kilikuwa kusoma dalili kwa uangalifu, bila ramani. Ulikuwa umeona watu wako wakipigwa mara mbili. Ulisubiri. Mlango ulipofunguka ulitoka. Ulikosea juu ya kilichokuwa nyuma ya kilima, na kutoka Manga kilima hicho hakionekani. Mimi nilikuwa na kila kitu mkononi, simu, vitabu, na nyanya aliye hai, na bado nilikosea juu yako. Kati yetu wawili, mshamba najua ni nani.

Wiki ijayo narekodi video upya, palepale Manga. Nyanya nimemwomba aje asimulie mwenyewe habari ya kitambaa na ng'ombe sita. Amekubali, ila amesema hapandi kule juu kusimama kwenye upepo kama mbuzi. Anataka kiti, na anataka binamu ndiye akibebe.